Uzito wa Trekta Ndogo: Uwekwe Wapi?

Hotuba kwa wamiliki, mafundi na madereva wa trekta ndogo

Ndugu wenye trekta, mafundi na madereva, habari za asubuhi.

Tumeombwa tuzungumzie jambo moja: kuiongezea trekta ndogo uzito ili itulie. Kwa trekta ndogo tunakusudia zile za nguvu za farasi 25 hadi 45 hivi, ambazo zenyewe, kabla hazijafungwa kitu, zina kilo kama 1,200 hadi 2,000. Ndizo zinazozunguka sana kwenye mashamba yetu siku hizi. Bei yake inafikika, zinageuka kwenye kishamba kidogo, zinakula mafuta kidogo. Ila ni fupi na nyepesi, kwa hiyo pua yake inanyanyuka upesi.

Dalili mnazijua. Dereva amefika mwisho wa mstari, anapandisha jembe, usukani unalegea mkononi kama haujafungwa kitu. Anakata kona, magurudumu ya mbele yamekata, trekta inaendelea kwenda mbele. Dawa ya haraka inayotumika ni kumwita utingo akae juu ya boneti. Mtu hafanywi chuma cha uzito. Akiteleza anaangukia mbele ya tairi, na dereva aliyegeuka nyuma kutazama jembe hamwoni. Hili hatutalirudia.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Ukimuuliza mtu trekta yake inahitaji nini, atakutajia kilo: niongeze mia, niongeze mia mbili. Swali la kwanza liwe ni wapi. Kilo mia zikiwekwa mahali pake zinafanya kazi ya kilo mia na thelathini na tano. Kilo hizohizo zikiwekwa pasipo pake hazisaidii kitu, na pengine zinaharibu.

Mkumbukeni mtu anayebeba maji kwa mzegazega. Fito iko begani, ndoo moja mbele, nyingine nyuma. Ndoo ya nyuma akiisogeza hadi ncha ya fito, ya mbele inapanda, ingawa maji hayajaongezeka hata kikombe. Kwenye trekta, bega ni ekseli ya nyuma. Jembe ni ndoo ya nyuma. Injini na vyuma vya pua ni ndoo ya mbele.

Tuitie hesabu, maana bila hesabu tutakuwa tunabahatisha. Chukueni trekta ya kilo 1,500 inayovuta kwa magurudumu yote manne. Ikiwa tupu, ekseli ya mbele inabeba kilo 600 na ya nyuma 900. Umbali kati ya ekseli mbili ni mita 1.7. Ifungeni jembe la sahani la kilo 350, kitovu cha uzito wake kiwe mita 1.6 nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa sababu jembe la sahani ni refu. Linapopandishwa, zidisha 350 kwa 1.6, gawanya kwa 1.7: unapata 329. Hizo ndizo kilo zinazoondoka kwenye magurudumu ya mbele. Zimebaki 271.

Kanuni inayofuatwa Ulaya, na inayorudiwa kwenye vitabu vingi vya trekta, inasema ekseli ya mbele isipungukiwe na asilimia 20 ya uzito wa trekta tupu. Asilimia 20 ya 1,500 ni 300. Sisi tuna 271. Hatujafika, na hapo trekta imesimama tuli kwenye sakafu ya saruji. Ikipita kwenye tuta la barabarani, jembe linarushwa na kushuka, na kwa kitambo kifupi linaweza kuvuta kama lina uzito mara mbili. Mara mbili ya 329 ni 658, na mbele tulianza na 600. Magurudumu yameacha ardhi. Hapo ndipo dereva anaposema usukani umekataa.

Sasa tundikeni vyuma vinne vya kilo 25 kwenye fremu ya mbele, kitovu chake kikiwa sentimita 60 mbele ya ekseli ya mbele. Kila kilo moja hapo inakandamiza ekseli ya mbele kwa kilo 1.35, kwa sababu iko nje ya ekseli na inapata wenzo. Kilo 100 zimekuwa 135. Mbele sasa kuna 406 jembe likiwa juu, na kwenye lile tuta zinabaki 77. Si nyingi, lakini matairi yako chini na usukani unasikia. Kilo hizo 100 mngezijaza kwenye matairi ya nyuma, mbele pasingeongezeka hata gramu. Tunawaona watu wengi wakifanya hivyo: pua inanyanyuka, wanakwenda kujaza maji matairi ya nyuma, kisha wanashangaa pua bado inanyanyuka.

Kabla hamjanunua chuma chochote, tazameni kwanza kama jembe linaweza kusogezwa mbele. Kiungio cha ziada kilichowekwa kati ya mikono ya haidroliki, ile ya nyuma inayopandisha zana, na jembe, hata cha sentimita 15, kinarefusha fito. Kwa jembe letu la kilo 350, sentimita 15 hizo zinaondoa kilo 31 nyingine mbele. Rotaveta, yaani zana ya kusaga udongo, ya kilo 300 inayokaa karibu, kitovu chake mita 1.2, inaondoa 212 tu na haina matata. Uzito wa zana umeandikwa kwenye kibati chake. Urefu wake hakuna anayewaandikia, pimeni wenyewe kwa futi kamba.

Na mpime trekta yenyewe pia. Viwanda vya kukoboa mpunga, vya sukari na vya pamba vina mizani ya magari, na kwa malipo madogo wanakuruhusu. Pandisha magurudumu ya mbele peke yake juu ya bamba, ya nyuma yabaki nje kwenye usawa uleule, soma. Kisha ya nyuma peke yake. Rudia jembe likiwa limepandishwa. Namba nne, dakika kumi, na hamtahitaji kubahatisha tena. Wakati wa kuvuta jembe, trekta ya magurudumu manne kuvuta inafanya kazi vizuri ikiwa na kama asilimia 40 mbele na 60 nyuma. Ya magurudumu mawili kuvuta, 30 kwa 70.

Kuhusu vyuma vya mbele vyenyewe: vinatundikwa kwenye fremu kwa mdomo wake wa juu, na bolti moja ndefu hupita katikati ya vyote kuvibana pamoja. Bolti hiyo ndiyo inayopotea kwanza. Bila bolti, chuma cha mwisho kinacheza, kinatembea pembeni, siku moja kinaanguka mbele ya tairi. Anayekosa vyuma vya kiwandani huchomelea boksi na kulijaza kokoto au saruji. Hatupingi, ila boksi lifungwe kwenye fremu ya chasi kwa bolti, kamwe lisifungwe kwenye sehemu ya ekseli ya mbele inayobembea. Mawe yaliyofungwa kwa waya juu ya boneti tunayakataa. Yanakandamiza mabati ya rejeta, yanaziba upepo, injini inachemka.

Tuje nyuma. Maji ndani ya tairi ndiyo uzito wa bei nafuu kuliko wote, na kwetu ni rahisi kuliko kwa wenzetu wa nchi za baridi. Vitabu vingi vinavyokuja na trekta vinaelekeza kuchanganya maji na kloridi ya kalsiamu. Chumvi hiyo ni ya kuzuia maji yasigande wakati wa theluji, ingawa inaongeza na uzito kidogo. Hata Njombe na Makete, ambako baadhi ya asubuhi unakuta sakitu kwenye majani, maji yaliyo ndani ya tairi hayagandi. Wekeni maji safi ya kawaida. Chumvi ile inakula rimu, na tyubu ikitoboka kidogo inakula hadi bolti.

Tairi la 12.4-28 (upana inchi 12.4, rimu inchi 28) likijazwa robo tatu linachukua kati ya lita 150 na 170. La 13.6-28 linachukua takriban lita 200. Lita moja kilo moja. Kwa matairi mawili ya 12.4-28 mmeongeza kama kilo 320 bila kununua chuma.

Kujaza kwenyewe: egesha sehemu tambarare, weka kabari magurudumu ya mbele, piga jeki ekseli ya nyuma mpaka tairi liache ardhi kidogo, kisha weka stendi ya chuma. Usiiachie jeki peke yake. Zungusha gurudumu hadi valvu iwe juu kabisa, kama mshale wa saa kwenye kumi na mbili. Bonyeza sindano ya valvu mpaka upepo wote utoke, ndipo uitoe. Hapa pana kosa la kila siku: fundi anaondoa sindano upepo ukiwa umejaa, sindano inaruka kama risasi. Toa upepo kwanza kwa kubonyeza, sindano itoke mwisho.

Mwenye kiungio cha kujazia chenye tundu la kutolea hewa kazi yake ni nyepesi. Asiye nacho apandishe pipa mita mbili hivi juu, ateremshe mpira, na kila dakika chache auchomoe hewa itoke, vinginevyo hewa iliyofungwa ndani inayazuia maji. Maji yakianza kumwagika kwenye valvu, umefika robo tatu. Usizidishe. Ile robo ya juu ni ya hewa, na hewa ndiyo inayolifanya tairi libonyee kwenye jiwe. Tairi lililojaa maji pomoni ni gumu kama gogo, kila kishindo kinakwenda moja kwa moja kwenye rimu na ekseli. Rudisha sindano, jaza upepo kwa kipimo cha kitabu cha trekta. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni ya juu kabisa, usiichukue kama ya kazi. Na kila ukipima upepo baadaye, valvu iwe juu. Ikiwa chini, maji yanaingia kwenye geji, yanaiua, na namba unayosoma inazidi kwa psi moja hivi.

Tairi lisilo na tyubu lisijazwe maji matupu kama rimu imeanza kutu. Wekeni tyubu. Na siku ya pancha, mwambieni fundi kabla hajaanza, maana gurudumu la kilo mia na kitu limekuwa la karibu kilo mia tatu. Halishikwi na mtu mmoja.

Sasa kwa wenye loda mbele, yaani mikono yenye bakuli la kuchotea. Kwao mzegazega umegeuka: bega ni ekseli ya mbele. Bakuli lililobeba kilo 300 za mchanga, mita 1.3 mbele ya ekseli ya mbele, linaondoa kilo 229 nyuma na kuikandamiza ekseli ya mbele kwa kilo 529. Yaani mzigo wote pamoja na zile zilizohama. Ekseli ya mbele ya trekta ndogo haikuundwa kwa mateso hayo siku nzima; sili za mafuta ya gia zinaanza kuvuja, kisha beringi. Maji kwenye matairi ya nyuma yanarudisha kilo 320 nyuma, lakini ekseli ya mbele hayaipunguzii kitu. Dawa ni kutundika uzito kwenye mikono ya haidroliki, nyuma ya ekseli. Tofali la saruji la kilo 360, kitovu chake mita moja nyuma ya ekseli, linaongeza kilo 572 nyuma na kuipunguzia mbele 212. Linganisheni wenyewe.

Tofali hilo linaweza kutengenezwa na fundi ujenzi kwa siku moja. Fomu iwe upana sentimita 60, kina 50, kimo 50. Hiyo ni lita 150, na zege lina kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo 360. Mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne: mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, ndoo tatu na nusu za mchanga za lita 20, ndoo saba za kokoto, maji lita 25 hadi 28. Unatosha fomu moja bila kubakisha. Ndani weka kizimba cha nondo za milimita 12.

Vipimo vya kufungia ndivyo visivyosamehe. Kwa mikono ya daraja la kwanza (Category 1), ambalo ndilo la trekta nyingi za ukubwa huu, pini za chini ni milimita 22 na umbali kati ya mabega yake ni milimita 683. Pini ya top linki, ule mkono wa juu wa katikati, ni milimita 19, na iwe milimita 460 juu ya zile za chini. Chuma kinachobeba pini za chini kipite ndani ya zege kutoka upande hadi upande, sentimita 8 kutoka uso wa mbele na kama 12 kutoka chini, na kichomelewe kwenye nondo. Wasiokichomelea wanakuta baada ya msimu mmoja kinazunguka ndani ya zege, tundu linapanuka, tofali linaanza kubisha. Mwagilieni siku saba, na msilinyanyue kabla ya siku 28. Mkiliweka chini liwe juu ya vipande vya mbao, ili siku ya kulifunga tena mikono iweze kuingia. Na mkumbuke kulivua kazi ya loda ikiisha.

Hapo tumezungumzia utulivu. Uzito una kazi ya pili, nayo ni kushika ardhi, na kipimo chake ni kuserereka kwa matairi. Chora mstari wa chaki ubavuni mwa tairi la nyuma. Ukiwa unalima kweli, jembe kwenye kina chake, chomeka kigingi ardhini mstari ukiwa chini, hesabu mizunguko kumi, chomeka kigingi cha pili. Rudia njia hiyohiyo, gia hiyohiyo, jembe limepandishwa, uhesabu mizunguko kutoka kigingi hadi kigingi. Ukipata tisa, mserereko ni asilimia 10, vizuri. Nane na nusu ni asilimia 15, huo ndio ukingo. Saba na nusu, robo ya dizeli yako inasaga udongo. Lakini ukipata tisa na nusu au zaidi, trekta ni nzito kupita kiasi: unabeba vyuma bure, unashindilia shamba, na nguvu zinazokosa pa kutokea zinarudi kwenye klachi na gia.

Asiye na muda atazame alama za kashata, yaani meno ya tairi, zinazobaki kwenye udongo nyuma ya tairi. Zikiwa zimefutika zote, trekta ni nyepesi. Zikiwa safi kama muhuri, ni nzito. Zinazofaa zinaonekana pembeni na zimevunjikavunjika katikati.

Msisahau pia kwamba jembe lenyewe linaongeza uzito. Mtambo wa haidroliki wa kuhisi mvuto, uliotokana na kazi ya Harry Ferguson wa Ireland, unahamishia sehemu ya uzito wa jembe na wa udongo kwenye magurudumu ya nyuma wakati wa kulima. Ndiyo maana Ferguson ya kijivu, TE20, iliyoanza kutengenezwa Coventry mwaka 1946, ililima ikiwa na uzito wa tani moja na kitu tu. Madereva wengi wanaiacha ile lever ndogo ya mtambo huo chini kabisa mwaka mzima, kisha wanaomba vyuma.

Kwa wenzetu wa mpunga, wa Kilombero, Mbarali na Mwea kule Kenya: mengi tuliyosema yageuzeni. Kwenye jaruba lenye tope uzito ni adui. Toeni maji matairini, vueni vyuma vya magurudumu, fungeni magurudumu ya chuma ya kizimba. Vyuma vya pua bakizeni kwa kadiri ya rotaveta mnayoibeba. Trekta ikizama, msifunge gogo kwenye tairi za nyuma. Tairi likishindwa kuzunguka, injini inaizungusha trekta yenyewe kuizunguka ekseli, pua inakwenda juu na chini ya sekunde moja imefika pasipozuilika. Hali ni hiyohiyo mnyororo ukifungwa juu ya usawa wa ekseli, kwenye top linki kwa mfano. Vyuma vinane vya mbele havizuii hilo. Mnyororo ufungwe kwenye pau ya chini ya kuvutia, na trekta ivutwe na nyingine, kwa nyuma.

Kwa wa milimani, Lushoto na Uluguru: maji matairini yanawafaa kwa sababu yanakaa chini na kushusha kitovu cha uzito. Geuzeni pia rimu za nyuma ili magurudumu yatanuke, kwa kadiri kitabu kinavyoruhusu. Fremu ya kinga, ile ya kumlinda dereva trekta ikipinduka, isimamishwe, mkanda ufungwe. Fremu bila mkanda inaweza kumwangukia dereva yuleyule iliyowekwa kumlinda.

Kikomo cha yote haya kimeandikwa kwenye kitabu: uzito wa juu wa kila ekseli, na wa kila tairi kwa upepo fulani. Kikifikiwa, jembe ndilo la kupunguza.

Trekta ile chini ya mwembe ina jembe la sahani, na vyuma vyake vinne viko chini. Tutaipima jembe likiwa juu, kwanza bila vyuma, halafu navyo. Bolti ndefu ya kuvibania tunayo. Anayekaa karibu na boksi la spana atuchukulie na nati yake, na ringi mbili.